Siku moja ya familia ufukweni Kigoma: ninavyoipanga

Familia nyingi zikienda Ziwa Tanganyika hupanga siku kwa kufuata chakula. Asubuhi yote inaishia jikoni, gari linaondoka saa sita, na watoto wanaingia majini saa nane, jua likiwa kali na ziwa limeanza kuchafuka. Mimi huanza na jua na upepo, kisha chakula nakipachika katikati.

Kigoma iko magharibi kabisa mwa nchi lakini tunatumia saa ileile ya Dar es Salaam. Kwa sababu hiyo jua letu huwa utosini karibu saa saba mchana, na huzama nyuma ya milima ya Kongo karibu saa moja jioni. Saa za kuunguza ngozi ni kuanzia saa tano hadi saa tisa. Kwa hiyo tunafika saa mbili asubuhi, watoto wanaogelea hadi saa nne na nusu, kisha wote tunakaa kivulini, tunakula, wadogo wanalala. Awamu ya pili ya maji ni saa kumi hadi saa kumi na moja na nusu, kama ziwa limetulia. Mafuta ya kukinga jua hupakwa robo saa kabla ya kutoka kivulini, na hurudiwa kila baada ya saa mbili na kila mtu akitoka majini. Kama kuna ndugu mwenye ualbino, shati la mikono mirefu na kofia pana haviondoki mwilini hata kukiwa na mawingu.

Mahali ninapopapenda ni Bichi ya Jakobsen, upande wa Katonga, kilomita chache kutoka mjini. Maji ni maangavu, chini kuna mchanga na mawe. Noah ya kukodi hufaa kwa familia kubwa. Daladala za Katonga hukuacha barabarani, ukamalizia kwa miguu, na ukiwa na bibi na mkaa si safari ya kupendeza. Uliza kiingilio na saa za kufungua siku moja kabla, kwani hubadilika.

Sasa maji. Tanganyika lina kina cha mita 1,470 pale lilipo refu zaidi kwenda chini, na sehemu nyingi za mwambao zinashuka ghafla. Uangavu nao unadanganya: unaona mchanga chini ukadhani maji ni ya magotini, kumbe yanamfika mtoto shingoni. Kabla mtoto yeyote hajalowa, mtu mzima anayejua kuogelea anatembea sambamba na ukingo, maji yakiwa kiunoni mwake, akipapasa kwa miguu. Anatafuta mahali mchanga unapokatika, mawe yenye utelezi, na visiki. Maji yalipopanda miaka ya karibuni yalifunika miti na kuta za zamani. Eneo la watoto tunalichorea mpaka kwa fimbo mbili zilizofungwa vitambaa vyekundu.

Upepo unataka heshima yake. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa nguvu, na huku kwetu mashariki mwa ziwa unasukuma vitu kutoka nchi kavu kwenda kilindini. Tyubu ya gari aliyokalia mtoto inaweza kutoka mikononi mwa wazazi wakati bado wanacheka. Kila tyubu ninaifunga kamba, na ncha ya pili anaishika mtu mzima aliyesimama. Mpira ukichukuliwa na upepo, uache uende, hakuna kuufuata.

Kifaa cha kuokolea kinachopatikana kila nyumba ni dumu la lita 20 tupu lenye kifuniko kinachobana. Lifunge kamba ya mita 15 kwenye mpini, liweke ukingoni, watoto wasilichezee. Tia maji kama nusu lita ndani: likiwa kavu kabisa linapeperushwa na upepo unapolirusha, lakini kwa uzito huo linakwenda unapolielekeza, na bado linambeba mtu mzima akilikumbatia. Lirushe lipite kichwa cha aliyezidiwa, kisha ulivute kuelekea kwake. Anayezama huwa hapigi kelele. Kichwa kinalala nyuma, mdomo uko usawa wa maji, mikono inakandamiza maji pembeni. Ndiyo maana zamu ya ulinzi lazima iwe na jina la mtu. “Tutawaangalia wote” maana yake hakuna anayeangalia. Kwetu ni nusu saa kwa kila mtu mzima, simu anamkabidhi mwenzake, na anayepokea zamu anahesabu watoto kwa sauti: “Shemeji, nimepokea, saba.” Wadogo wasiojua kuogelea hukaa pale mkono wa mkubwa unapowafikia.

Nguo pia zina hesabu yake. Bluu na kijani hupotea majini. Nyekundu au rangi ya chungwa huonekana mbali. Kina mama wanaoingia majini wavae taitsi na fulana. Kanga ikilowa hujiviringisha miguuni na kumfunga mtu.

Chakula kinategemea mwezi. Wavuvi wetu huvutia samaki kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwa kubwa mitumbwi mingi hulala. Ukitaka migebuka wa kuchoma kwa bei nzuri, chagua Jumapili iliyo karibu na mwezi mwandamo, uende mwaloni, wavuvi wanakoshusha samaki, Kibirizi au Katonga alfajiri. Macho yawe angavu, mashavu ndani mekundu, nyama irudi ukiibonyeza. Mmoja kwa mtu mzima, nusu kwa mtoto. Wapasue tumbo hapohapo, waoshe, uwaweke kwenye ndoo yenye barafu.

Kwa watu kumi, ndoo ya lita 10 ya mkaa inatosha. Subiri mkaa uvae jivu jeupe. Ukiwahi, ngozi inaungua na ndani ni kubichi. Mfute samaki kwa kitambaa mpaka awe mkavu, mchane mara tatu kila ubavu, mpake chumvi na mawese kidogo, paka mawese kwenye wavu pia. Dakika saba au nane kila upande, na usimgeuze kabla hajajiachia mwenyewe kwenye wavu. Limau ni mezani. Ukimlowesha mapema nyama inalainika na kumeguka. Ugali wa muhogo upikwe palepale, kwani ukipoa unakaza. Wali wa nazi uliopikwa usiku siubebi: kufikia saa saba umechacha, na tumbo la mtoto ndilo litakalolipa. Maji ya kunywa ni lita mbili kwa kila mtu, zaidi wakati wa joto la Septemba. Kapu la chakula lifungwe kamba juu, maana tumbili wanajua kufungua kifuniko, na mtoto mwenye ndizi mkononi asikae peke yake.

Wakati wa masika ukisikia radi, wote watoke majini waingie kwenye gari au nyumba, si chini ya mwembe. Warudi nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. Mkaa uzimwe kwa maji na kukorogwa mpaka uache kufuka. Ukiufukia mchangani unabaki wa moto kwa saa nyingi, na mguu wa kwanza kuukanyaga ni wa mtoto asiye na viatu.

Limebaki suala la kichocho. Konokono wanaokibeba hupenda maji yaliyotuama, matete, na mahali watu wanapofulia. Mdomo wa Luiche kusini mwa Ujiji, kwa mfano, si pa kuogelea, na kwenye delta ya Malagarasi kuna mamba pia. Ufukwe wenye mchanga na mawimbi una hatari ndogo, lakini haiishi kabisa. Wiki sita hadi nane baada ya safari napeleka familia kituo cha afya kupima choo na mkojo. Dawa ya kichocho, prazikwanteli, hupimwa kwa uzito wa mtu, miligramu 40 kwa kila kilo, na inamezwa baada ya kula.