Nilivyopatanisha ratiba ya masomo na uwanja wa michezo katika shule ya kata, Mwanza

Shule ninayoizungumzia ni ya serikali, ya kutwa, kidato cha kwanza hadi cha nne, mikondo 8, imejibana mlimani katikati ya mawe upande wa Nyamagana. Nilikabidhiwa taaluma na michezo kwa mpigo. Wengi huona kazi hizo mbili zinavutana. Mimi nilizikuta zinaumwa ugonjwa mmoja: hakuna aliyekaa akapima. Vipindi vilipangwa kwa kukisia na uwanja ulichorwa kwa hatua za miguu.

Nilianza na jua. Saa yetu ni ile ile ya Dar es Salaam, ila sisi tuko mbali magharibi, kwa hiyo Mwanza kunakucha kwa kuchelewa. Jua huchomoza kati ya saa 12:25 na saa 1 kasoro asubuhi, na jioni huzama karibu na saa 1. Ukimwambia mtoto wa Buhongwa afike saa 12 kamili kwa masomo ya ziada, umemtembeza gizani. Muda wa kuongeza uko mchana. Nikapanga hivi: usafi saa 1:00, kipindi cha kwanza saa 1:30, vipindi vinne vya dakika 40 hadi saa 4:10, mapumziko nusu saa, vinne vingine hadi saa 7:20, chakula hadi saa 8:00, halafu kipindi cha tisa hadi saa 8:40. Jumatano hakuna cha tisa. Saa 8:00 jua bado kali, kwa hiyo klabu na midahalo hukaa kivulini hadi saa 8:45, kisha michezo hadi saa 10:15. Kwa wiki ni vipindi 44 kwa kila mkondo.

Ratiba ilikuwa inavunjikia maabara. Tulikuwa na chumba kimoja, na kila mkondo ulihitaji vipindi viwili mfululizo vya vitendo kwa Biolojia, Kemia na Fizikia. Hiyo ni mikondo 8 mara masomo 3, yaani jozi 24. Sasa hesabu jozi ambazo siku inaweza kutoa bila kukatwa na mapumziko: cha 1 na 2, cha 3 na 4, cha 5 na 6, cha 7 na 8. Nne kwa siku, 20 kwa wiki. Jozi 24 haziingii kwenye nafasi 20 hata ukeshe ukifutafuta, na ndiyo maana kila muhula walimu wawili walikutana mlangoni na madarasa yao. Nikawapa kidato cha kwanza na cha pili vitendo kila baada ya wiki mbili, wiki A na wiki B; cha tatu na cha nne wakabaki kila wiki. Sita jumlisha kumi na mbili ni 18. Jozi mbili zilizobaki sikumpa mtu. Ni za kuosha vyombo na kuandaa kemikali. Usiziguse hata ukiombwa vipi. Zikiliwa, mwalimu wa Kemia ataandaa ndani ya kipindi na dakika 25 zimekwenda.

Kwa hiyo anza na maabara, kisha mwalimu aliye peke yake katika somo lake. Wa Fizikia kwetu alikuwa mmoja: mikondo 8 mara vipindi 4 ni 32, na mtu wa vipindi 32 ukimwacha mwisho hapatikani. Hisabati nikaiweka kabla ya saa 4:10 kadiri ilivyowezekana. Kipindi cha tisa nilikipa usomaji wa Kiswahili na Uraia, kwa kuwa hicho ndicho wachezaji hukikosa wanapowahi mechi, na hayo ni masomo ambayo mtu anaweza kuyafidia kwa kitabu.

Kila mchezaji alikuwa na daftari moja dogo. Akikosa kipindi, mwalimu wa somo anaandika mada na kusaini, na mada hiyo inafidiwa ndani ya siku 10. Bila sahihi hapandi gari la mechi inayofuata. Mzazi anayehofia michezo nilimwonyesha hesabu ya daraja. Kidato cha nne huhesabiwa masomo saba bora. D ni pointi 4, C ni 3. Mtoto mwenye D saba ana pointi 28, daraja la nne. Akipandisha matatu tu hadi C, yaani alama 45, anapata 25, daraja la tatu. Masomo hayo matatu tuliyachagua pamoja naye na kuyaandika kwenye jalada la daftari. UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, ngazi ya taifa kwa kawaida huangukia Juni, kwa hiyo mazoezi mazito yalikuwa Januari hadi Mei. Kuanzia Julai kidato cha nne walibaki na siku moja ya michezo kwa wiki. Sikuwaondolea yote. Kijana aliyefungiwa darasani miezi minne husinzia.

Uwanja sasa. Wa mita 400 hauwezi kukaa kwenye mlima ule, na hauhitajiki. Uwanja wa kukimbilia wa mita 200 wenye njia nne unaenea kwenye eneo la mita 90 kwa 48. Chora kwanza mstatili wa mita 42.82 kwa 36. Pima milalo yote miwili, yaani kutoka pembe hadi pembe ya mkabala: kila mmoja uwe mita 55.94. Ikitofautiana hata kwa sentimita 10, pembe zako zimepinda. Rudia kabla ya kugusa chokaa. Katikati ya kila upande wa mita 36 kuna kitovu, na kutoka hapo unazungusha nusu duara lenye nusu kipenyo cha mita 18. Kwa nini 42.82? Mkimbiaji hakanyagi mstari wa ndani, hukimbia kama sentimita 20 nje yake, kwa hiyo duara lake ni la mita 18.2. Miduara inatoa 114.35, nyoofu mbili 85.64, jumla 200.

Upana wa kila njia ni mita 1.22. Kwa mbio za mzunguko mmoja, njia ya pili inasogezwa mbele mita 7.67, ya tatu 15.33, ya nne 23. Kwenye kupokezana vijiti 4×100 wanazunguka mara mbili, na ikiwa kila mtu anabaki kwenye njia yake hadi mwisho, tofauti hizo zinazidishwa mara mbili. Nimeona wengi wakitumia zile za mzunguko mmoja, na wa njia ya nje anakimbia zaidi ya wenzake bila mtu kujua.

Kamba ya nailoni inavutika. Tumia tepu, au waya wa kufungia nondo. Udongo wetu ni luseni, mchanga uliomomonyoka kutoka kwenye mawe, na kigingi cha mti hulegea baada ya mvua mbili. Kwa vile vitovu viwili ndivyo vinavyobeba kazi yote, nilivizika kwa vipande vya nondo vya sentimita 40 ndani ya zege, vichwa vikiwa sentimita 3 chini ya ardhi asijikwae mtu. Masika ikifuta mistari, vijana wanne huichora upya kwa saa mbili. Chokaa iwe iliyokwisha kuzimwa kwa maji. Ile mbichi huunguza macho.

Ndani ya mstatili ule vinakaa viwanja viwili vya netiboli, kila kimoja mita 30.5 kwa 15.25, vikiachana mita 3. Mpira wa miguu tuliuhamishia uwanja wa kata. Pete za netiboli zilinipa somo. Kipenyo cha ndani ni sentimita 38, na fundi kwa hesabu ya haraka anakata chuma sentimita 119.4. Akikikunja, unene wa chuma unakula ndani, na pete inatoka kama sentimita 36.4. Wasichana wanazoea pete ndogo nyumbani na hawaelewi kwa nini mikono yao inabadilika ugenini. Kwa chuma cha milimita 16 kata sentimita 124.4. Nguzo iwe mita 3.05 juu ya ardhi na sentimita 60 ndani ya zege.

Wavu wa voliboli hatukununua. Tulipata makila, yaani nyavu za kutegea, kuukuu ya sangara ya inchi 7 kwa wavuvi. Wao hupima jicho likiwa limevutwa, kwa hiyo upande mmoja wa jicho ni inchi 3.5, karibu sentimita 9, na wavu halali wa voliboli ni sentimita 10. Kata mita 9.5 kwa mita 1, shona utepe wa turubai jeupe juu, pitisha waya ndani yake. Wavulana mita 2.43, wasichana 2.24, upime katikati ya wavu na si kwenye nguzo, maana katikati ndipo unapolegea.

Ngurumo ikisikika, wote ndani, na hatutoki hadi dakika 30 zipite tangu ya mwisho. Na mazoezi yakiisha hakuna kushuka ziwani kuoga. Kichocho kiko kwenye maji ya ufukweni, konokono wake wanakaa kwenye majani pale pale watoto wanapopenda kuingia, na kinaingia kupitia ngozi bila mtu kuhisi. Tuliweka ndoo tatu za lita 20 za maji ya bomba nyuma ya jiko, na zamu ya kuzijaza iko kwenye ratiba, Jumatano saa 7:20, kabla ya chakula.