Lanchi boksi za watoto kwenye joto hili la Dar

Shule zikifungua tu, mitandaoni zinaanza picha za lanchi boksi, tikiti limekatwa maua, mkate una macho na masikio, mi naangalia nasema hongereni jamani, saa kumi na moja alfajiri skuli basi iko njiani inakuja nani ana muda wa kukata maua? Na kwetu Dar shida kubwa sio chakula kipendeze, shida ni kifike saa ya kula kikiwa bado kinalika.

Wali wa nazi ukiupakia vuguvugu asubuhi ukaufunika, mwezi wa pili huu, mchana ushachacha. Wataalamu wanasema chakula kilichopikwa kisizidishe masaa 2 kwenye joto la kawaida, maana kati ya nyuzi 5 na 60 ndo bakteria wanazaliana kwa raha zao. So mimi ni aidha kiwe moto kweli kweli ndani ya hotpoti (naimiminia maji ya moto kwanza, inakaa kidogo, namwaga, ndo naweka maharage yanayotokota), au kiwe kikavu kinachovumilia, chapati, karanga za kukaanga, ndizi, chungwa. Na chupa moja ya maji naigandisha usiku naiweka pembeni ya matunda, ikifika brek imeyeyuka, wanakunywa ya baridi.

Kubadilisha sio lazima upike kitu kipya kila siku, hiyo utachoka wiki ya kwanza tu. Maharage yaleyale leo na wali, kesho na chapati, siku nyingine viazi lishe vile vya rangi ya chungwa, vina vitamini A kibao na watoto wanavipenda kwa utamu wake. Ukipakia maharage weka na chungwa, vitamini C inausaidia mwili kufyonza madini chuma ya kwenye maharage, ila chai ya rangi hapohapo na chakula inafanya kinyume chake. Mayai yanaliwa nyumbani kabla ya kutoka. Dagaa nilitamani sana wawemo, wanaliwa na mifupa yake yaani kalsiamu tupu, lakini mkubwa alikuja analalamika wenzake wanamwambia begi linanuka kama soko la samaki la Feri, basi dagaa wamehamia usiku na sijabishana.

Juisi ya boksi hapana. Soma nyuma ya pakiti, nyingi zinaanza na maji halafu sukari, tunda lenyewe unalitafuta kwa tochi. Bora embe likatwe, msimu ukiisha kuna papai, kuna nanasi, sokoni hatujawahi kukosa tunda.

Ijumaa wanachagua wenyewe. Mkubwa ni sambusa tu, mdogo anataka mkate na siagi ya karanga, usiongeze kitu chochote, na napakia hivyohivyo.