Siku moja maishani mwangu: kuutafuta mshipa unaolikwepa ini

Saa 1:30 asubuhi. Mimi ni daktari wa mifugo ninayesoma picha za ndani ya mwili, katika hospitali ya rufaa ya wanyama kusini mwa Uingereza. Naanza na faili. Mgonjwa wa kwanza ni Yorkshire Terrier jike wa miezi minane, hajafika hata kilo 2. Hakui, na akila nyama anadondoka mate, anazungukazunguka, anakandamiza kichwa ukutani. Asidi za nyongo, ambazo ini zima huziondoa kwenye damu, zimepimwa baada ya kula, ziko juu sana. Mbwa mdogo wa aina hii mwenye dalili hizi, namshuku moja kwa moja kwamba amezaliwa na mshipa unaochukua damu ya utumbo na kuimwaga kwenye mzunguko wa mwili bila kupita kwenye ini. Amonia ambayo ini lingeiondoa inapanda hadi kwenye ubongo.

Saa 3. Ultrasaundi. Ini dogo, figo kubwa, na kibofuni vijiwe vya urati, ambavyo mara nyingi eksirei ya kawaida haivionyeshi. Vena ya lango, ile inayopeleka damu kwenye ini, upana wake ni nusu tu ya aota, ateri kuu ya mwili. Ikishuka chini ya 0.65 ya aota shaka huwa nzito. Nawasha Dopla, inayoonyesha mwendo wa damu: ndani ya vena kava, vena kuu inayorudisha damu moyoni, damu inavurugika mahali ilipopaswa kutiririka kwa utulivu. Kuna mshipa unaomwaga damu hapo.

Saa 4:30. Chumba cha CT, mashine ya eksirei inayopiga picha za mwili kipande kwa kipande. Mwenye mzigo mkubwa hapa ni mwenzangu wa nusukaputi, kwa sababu mbwa hawa sukari yao hushuka haraka, mwili hupoa, na dawa hukawia kutoka. Tunapima sukari, tunamfunika kwa blanketi la hewa ya moto. Dawa ya iodini, inayofanya mishipa ionekane kwenye picha, haifiki mililita 4. Pumzi inasimamishwa kidogo, tunapiga picha za ateri, kisha za vena ya lango.

Saa 5. Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko popote. Kusema "mshipa upo" hakumsaidii mpasuaji. Naufuata kipande kwa kipande: unaanzia kwenye vena ya kushoto ya tumbo la chakula, unapanda hadi chini ya kiwambo, msuli unaotenganisha kifua na tumbo, unaungana na vena ya kiwambo, kisha unaingia vena kava. Upana ni milimita 4. Njiani unapokea vijishipa vingine, na hilo ndilo jambo lenyewe! Mpasuaji akiufunga mbali na mwisho wake, vijishipa vinavyoingia mbele ya kifungo vitaendelea kulikwepa ini. Lazima aufunge karibu kabisa na mwisho wake, kwa hiyo mwisho huo naupima tena na tena.

Saa 7 mchana. Chakula, na ujumbe kutoka kwa niliyesoma naye Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro: "Kaka, nina mtoto wa mbwa anayelewalewa akishakula. Nina ultrasaundi tu." Namjibu kwamba hiyo inaweza kumfikisha mbali: aangalie ukubwa wa ini, mawe kibofuni, alinganishe vena ya lango na aota, asiwe na haraka kwenye vena kava.

Saa 9 alasiri. Maltese mwenye asidi za nyongo zilizopanda. Nimepitia picha zote za CT, vena ya lango ni nzima na hakuna mshipa wa pembeni. Huenda kasoro iko kwenye vijishipa vidogo vya ndani ya ini, visivyoonekana kwenye picha. Naandika waziwazi kwamba hatua inayofuata ni kipande cha ini kipelekwe maabara.

Saa 11 jioni. Mwenye yule Yorkshire anaelezwa kwamba mbwa atatumia laktulosi, dawa ya kupunguza amonia inayotoka utumboni, na chakula maalumu chenye protini kidogo kwa wiki kadhaa, ndipo apasuliwe. Atavalishwa pete ya ameroidi kwenye mshipa. Kasini, protini ya maziwa iliyo ndani ya pete, hunyonya maji ya mwili, huvimba, na kuuziba mshipa taratibu. Ukizibwa ghafla, shinikizo la damu ya utumbo linaweza kumuua. Naongeza kwenye ripoti upana wa mshipa pale mwishoni, ili mpasuaji achague pete inayotosha.