Kabla ya kuuliza atatembea lini, ulizeni anakulaje

Binti yangu ana miaka 4, na swali ninaloulizwa kuliko maswali yote, sokoni, kwenye shughuli za harusi na hata ndani ya daladala ya kwenda Raskazone hapa Tanga, ni lile la "atatembea lini?" Wanaouliza wana nia njema, na wengi wao hutanguliza dua kabla sijafungua mdomo, kwa hiyo sichukii. Lakini daladala haina nafasi ya kujibu kwa kirefu, ndiyo maana naandika hapa. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo anayeweza kukaa mwenyewe bila kushikiliwa kufikia umri wa miaka 2, mara nyingi huja kutembea, ama kwa miguu yake mitupu ama kwa msaada wa magongo au fremu. Yule anayefika miaka 4 akiwa bado hajaweza kukaa peke yake, matumaini ya kutembea huwa madogo sana. Binti yangu yumo katika kundi la pili. Hukaa akiegemezwa, na shingo yake, ambayo ilichelewa mno kukaza, humtii asubuhi kuliko jioni. Hilo nimeshalipokea. Ninachotaka watu wajue ni kwamba miguu yake haikuwahi kutunyima usingizi hata siku moja. Kilichokaribia kumtoa mikononi mwetu ni uji.

Kwa wasioifahamu hali hii, mtindio wa ubongo hutokana na kudhurika kwa ubongo unaokua, kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au muda mfupi baada ya hapo. Sababu zake ni nyingi: mtoto kuzaliwa njiti, kukosa hewa wakati wa uchungu, umanjano mkali usiotibiwa mapema, homa ya uti wa mgongo, malaria iliyopanda kichwani. Jeraha lenyewe la ubongo haliendelei kukua, ingawa mwili hubadilika kadiri mtoto anavyorefuka, misuli ikivuta na viungo vikikakamaa. Binti yangu alizaliwa baada ya uchungu wa muda mrefu na hakulia, na tangu siku hiyo nimesikia kila aina ya lawama, nyingine zikielekezwa kwa wakunga na nyingine kwangu mimi. Mwaka 1861, daktari Mwingereza William John Little aliwaeleza madaktari wa uzazi wa London kwamba aliona uhusiano kati ya uzazi mgumu na watoto kukakamaa viungo, na kwa miaka mingi hali hii iliitwa kwa jina lake. Mwaka 1897, Sigmund Freud, ambaye wakati huo alikuwa daktari wa mishipa ya fahamu, alihoji kama uzazi mgumu wenyewe si dalili ya tatizo lililokwisha kuanza tumboni. Ikiwa wakubwa hao wawili walipishana, basi majirani zangu wanaojua kwa hakika ni nani wa kulaumiwa wanastahili pongezi.

Nirudi kwenye uji. Mtu akimtazama binti yangu huona mikono iliyokunjika na miguu inayopishana kama mkasi, lakini haoni ulimi wala koo, na viungo hivyo navyo huamrishwa na ubongo uleule uliojeruhiwa. Kumeza, jambo ambalo sisi tunalifanya huku tukizungumza na kucheka, ni kazi ya misuli mingi inayopaswa kupokezana kwa mpangilio: midomo ifunge, ulimi usukume chakula nyuma, na njia ya hewa izibwe kwa wakati ili kitu kisiteremke upande usio wake. Mpangilio huo ukichelewa hata kidogo, mtoto hupaliwa. Wengine hukohoa, machozi huwatoka na sauti hugeuka kuwa ya majimaji, na hao mtu huwaona. Wengine hawakohoi kabisa, chakula huingia mapafuni kimyakimya na dalili pekee ni nimonia inayorudi kila mara. Maradhi ya mapafu ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya wenye mtindio mkali wa ubongo. Sisi tuliambiwa na kila aliyetujia kwamba mtoto amepigwa na baridi ya bahari, tukamvalisha sweta katika joto la Tanga, lakini kifua hakikukoma kukoroma, na kwenye kadi yake ya kliniki mstari wa uzito uliacha kupanda.

Aliyetufumbua macho ni mtaalamu wa mazoezi tiba, binti mdogo tu, ambaye kabla ya kugusa miguu ya mtoto alisema anataka kwanza kuona anavyolishwa. Mama mkwe wangu, ambaye ndiye aliyekuwa akibaki naye mimi nikiwa kazini, alimlaza chali mapajani kama alivyowalea wanawe wote, kichwa kikaning'inia nyuma ya goti, akaanza kumtilia uji. Yule mtaalamu hakumkatiza. Alimngoja amalize vijiko viwili, kisha akamwamkia tena, akampa kikombe cha maji na kumwomba jambo la ajabu: "Bibi, naomba utazame dari mpaka mwisho, halafu umeze maji haya bila kuinamisha kichwa." Mama mkwe alijaribu. Alipaliwa, akakohoa mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Kisha akaombwa arudie akiwa ameinamisha kidevu kidogo, na maji yakapita bila taabu. Akamtazama mjukuu wake, akasema, "Lo! Basi mwanangu alikuwa analishwa au anazamishwa?" Kuanzia siku hiyo hapana aliyemshinda kwa ukali katika suala hili; mgeni akimkaribia mtoto na kijiko, kwanza anasailiwa.

Utaratibu tuliofundishwa hauna gharama, lakini unadai subira. Mtoto awe amekaa wima, makalio yamerudi nyuma kabisa, mabega yamekuja mbele kidogo na kidevu kimeinama. Anayemlisha akae mbele yake, macho yalingane na ya mtoto, kwa sababu ukisimama yeye hunyanyua uso kukutazama na kidevu ndiyo kimekwenda. Kijiko kiwe kidogo, bapa na cha chuma. Cha plastiki nyepesi mtoto anayeng'ata bila kukusudia anaweza kukivunja mdomoni. Kijiko huwekwa katikati ya ulimi, kikakandamizwa kidogo kuelekea chini, kisha hutolewa moja kwa moja bila kukikwangua kwenye meno ya juu, maana kukwangua humfanya atupe kichwa nyuma. Halafu unangoja, na hapa ndipo penye kazi. Binti yangu humeza mara mbili kwa kila kijiko, ya kwanza na ya kumalizia, na mtu mwenye haraka huongeza kingine kabla ya ile ya kumalizia. Mlo ukizidi nusu saa mtoto huchoka, na mtoto aliyechoka ndiye anayepaliwa, kwa hiyo ni afadhali kumpa kidogo mara tano au sita kwa siku kuliko kung'ang'ania sahani moja. Akishamaliza hukaa wima kwa nusu saa nyingine ili chakula kisirudi juu, na meno husafishwa kila siku, kwa kuwa uchafu wa kinywani nao ukiteremka mapafuni huleta maradhi.

Kukaa wima ni rahisi kuandika. Mtoto anayekakamaa hujisukuma nyuma, anateleza, na kiti cha plastiki cha kawaida hakina cha kumzuia. Kiti chetu kilitengenezwa na seremala wa Ngamiani ambaye kazi yake ni vitanda na makabati, na ambaye mwanzoni aliona vipimo tulivyompelekea ni vya mzaha. Mgongo wa kiti ni mbao mbili zilizokutana kwa pembe, na mtoto huingia katika kona hiyo, mabega yakawa hayana budi kuja mbele. Kwenye ukingo wa mbele wa kikalio pamesimamishwa kipande cha mti kilichozungushiwa sifongo, kinachokaa katikati ya mapaja ili miguu isipishane. Chini pana ubao wa kukanyagia nyayo, mbele pana meza ndogo iliyokatwa nusu duara inayomzunguka tumbo, na kiunoni hupita mkanda ulioshonwa kwa kanga kuukuu, unaovuta makalio nyuma na chini. Mkanda huo ndio roho ya kiti. Makalio yakichomoka mbele, mgongo hulala, shingo hutupwa nyuma, na kazi yote ya kijiko huwa bure. Gharama yake ilikuwa ndogo kuliko ya dawa za nimonia moja, na nasema hivyo kwa sababu nimeshasikia wazazi wakichangishana nauli za kwenda mbali kutafuta tiba ilhali mtoto nyumbani analia kwa kukosa pa kukalia.

Kuhusu chakula chenyewe, pwani tumebarikiwa. Anachohitaji ni chakula laini cha namna moja, kisichochanganya maji na mapande, kwa sababu wali uliomwagiwa mchuzi humtaka afanye kazi mbili kwa pamoja, kutafuna punje na kuzuia maji. Bokoboko, ambalo wengi wetu tunalisubiri Ramadhani au Idi, ni chakula kama kilichobuniwa kwa ajili yake: ngano na nyama vimepigwa mpaka vimekuwa kitu kimoja, na ndani yake mna samli. Siku za kawaida tunaponda ndizi au boga pamoja na samaki aliyechambuliwa miba kwa vidole, si kwa macho, na kuongeza tui la kwanza bila ubahili. Mtoto anayekakamaa hutumia nguvu nyingi hata akiwa ameketi tu, na kwa kuwa tumbo lake hupokea kidogo, kila kijiko lazima kibebe kitu kizito. Kijiko kimoja cha karanga zilizosagwa ndani ya uji kina faida kuliko kikombe kizima cha uji mwepesi. Parachichi na papai lililoiva humsaidia pia katika choo, kwa maana watoto hawa hufunga choo sana, na aliyefunga choo hukataa kula, watu wakadhani ameringa.

Maji ndiyo yanayompalia zaidi, kwa kuwa hukimbia kabla koo halijajiandaa. Anakunywa kwa kijiko au kwa kikombe kilichokatwa upande wa pua ili asilazimike kunyanyua kichwa. Hapa niseme neno kuhusu kombe, yaani maji yaliyooshea aya za Kurani zilizoandikwa kwenye sahani, kwa sababu nimeulizwa. Sina ugomvi na dua, na babu yake anapoandika kombe, binti yangu analinywa, lakini analinywa akiwa ameketi, kidevu chini, kijiko kwa kijiko, kwa kuwa kombe nalo ni maji. Nisichokubali ni mtu kumlaza na kumtia dawa ya mizizi puani au kooni, wala kuambiwa niache vidonge vyake vya degedege. Vidonge hivyo vikikatizwa ghafla degedege linaweza kurudi kwa nguvu zaidi kuliko awali. Wapo pia watoto ambao koo lao halina usalama hata kwa utaratibu huu wote, na hao madaktari huwawekea mrija wa kupitisha chakula moja kwa moja tumboni. Mzazi akishauriwa hivyo asidhani amehukumiwa.

Jambo linalonisumbua zaidi sasa ni nani anayelisha. Katika nyumba nyingi nilizotembelea, mtoto wa namna hii huzoea mkono mmoja, wa mama, na wengine wote huogopa. Mama huyo haugui, haendi msibani, hafanyi biashara. Sisi tuliamua mapema kwamba kila mtu mzima ndani ya nyumba ajifunze, na baba yake, ambaye hapo awali alimbeba tu na kumchezesha, sasa ndiye mwenye zamu ya usiku na ana subira kunizidi. Shangazi yake alijifunza kwa kulishwa yeye mwenyewe bokoboko na mama mkwe, akiwa amefungwa kitambaa cha macho, ili ajue inavyokuwa mtu mwingine anapoamua kijiko kije lini. Walicheka siku nzima. Lakini tangu siku hiyo shangazi humwambia mtoto kabla ya kila kijiko, "Kinakuja," na mtoto hufungua mdomo mwenyewe, jambo ambalo kwangu mimi hakuwahi kulifanya.

Kiti kimeanza kumbana, magoti yamepita ukingo, na seremala amekwishakuja kuchukua vipimo vipya; safari hii anataka kukiwekea magurudumu, na safari hii hakuna aliyemlazimisha. Kabla hakijakatwa tutampeleka hospitali ya Bombo kupigwa picha ya nyonga, kwa sababu watoto wasiosimama wako katika hatari ya mfupa wa paja kuchomoka taratibu kwenye nyonga, na mwenye maumivu ya nyonga hawezi kuketi muda wa kumaliza mlo. Shangazi ataomba ruhusa kazini aende nasi, maana foleni ni ndefu na mlo wa saa sita mchana ni zamu yake.