Sherpa ya vipande vya kuokoteza

Bultaco Sherpa T haikuundwa kwa ajili ya mbio. Ni pikipiki ya kupanda mawe taratibu bila kutua mguu chini, na ndiyo aliyoshinda nayo Sammy Miller mashindano ya siku sita ya Scotland mwaka 1965. Yangu ilinifikia ikiwa fremu, injini iliyokwama na boksi la vyuma.

Spea zake ni za kusaka, maana kiwanda kilifungwa miaka ya 1980. Rimu nimeing'oa kwenye pikipiki iliyokufa. Tangi nimebadilishana na mtu kwa kabureta. Kilichoniumiza kichwa hasa ni sili za krenki, yaani viziba vya raba kwenye mhimili unaozungushwa na pistoni. Injini ya tu-stroku (ya mipigo miwili) hupitisha mchanganyiko wa hewa na petroli chini kwenye chumba cha krenki, kwa hiyo sili ikikakamaa hewa inapenya, injini inapandisha moto yenyewe na pistoni inaungua. Za zamani zilikuwa ngumu kama kucha. Muuza beringi alizipima kwa kalipa, akanitolea za mashine nyingine kabisa, vipimo vilevile. Usiwadharau watu hawa!

Kromu siirudishii. Kutu ya juujuu haijawahi kumwangusha mtu. Imebaki kebo ya klachi, na mwenye nayo anataka bei ya wazimu.