Saa iliyoshikilia waya: kumbukumbu ya mashine ya kutotolesha mayai, wiki ya sita

Leo nimeukata umeme wa mashine yangu mara 40 mfululizo, na mara zote 40 imewaka ikiwa na saa sahihi. Naandika haya usiku huu huu kwa sababu tatizo la saa hiyo kutoonekana umeme unaporudi limenila siku 11, na furaha niliyo nayo ni kubwa.

Mpangilio ni ule ule: Raspberry Pi (kompyuta ndogo), kihisi cha joto na unyevu cha BME280 kwenye anwani 0x76 na saa yenye betri ya DS3231 kwenye 0x68, vyote juu ya nyaya mbili za mawasiliano za I2C, yaani SDA inayobeba data na SCL inayobeba mapigo ya kuiongoza, kupitia pini za GPIO 2 na 3. Mara moja moja, umeme ulipokatika na kurudi, draiva ya rtc-ds1307, programu inayoiunganisha saa na Linux, ilishindwa kuiona saa, faili lake la /dev/rtc0 halikutokea, na i2cdetect, programu ya kutafuta vifaa kwenye nyaya hizo ambayo kwa kawaida humaliza kazi papo hapo, ilijikokota anwani moja baada ya nyingine hadi ikatoa jedwali tupu. Kihisi nacho kilitoweka. Kuzima na kuwasha hakukusaidia, hata nilipouacha mtambo bila umeme usiku kucha.

Siku 2 za kwanza nilizipoteza kwenye rezista zinazozivuta nyaya hizo juu. Pi ina rezista zake za kilo-omu 1.8 kwenye pini hizo, na kibao cha saa kina nyingine za 4.7, kwa hiyo kwa pamoja zinakuwa takriban 1.3. Mkondo wa miliampea 2.5 unaopita waya unapovutwa chini bado uko chini ya kikomo cha 3, lakini nilizibandua za kibao hata hivyo. Hakuna kilichobadilika.

Kilichonifumbua macho ni betri. Niliichomoa ile ya saa, CR2032, ili niipime, mtambo ukiwa umezimwa, nikairudisha, na kila kitu kikafanya kazi. Betri ilikuwa nzima kabisa. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba saa ndiyo pekee kati ya vifaa vyangu isiyozimika: umeme unapokatika katikati ya usomaji, kompyuta inasahau mazungumzo, kihisi kinasahau, lakini saa, ikilindwa na betri yake, inaendelea kukumbuka kwamba ilikuwa ikituma biti, na kama biti hiyo ni sifuri, inaishikilia SDA chini ikisubiri pigo la SCL ambalo haliji. Hati ya mtengenezaji inaieleza hali hii waziwazi, pamoja na tiba yake. Mimi niliipita aya hiyo mara kadhaa nikikimbilia jedwali la rejista.

Ili kuthibitisha, niliandika programu inayoisoma saa bila kupumzika, kisha nikawa nauchomoa waya wa umeme. Kosa lililokuwa likija mara moja kwa wiki likaanza kuja karibu kila jaribio la tatu. PulseView, programu inayochora ishara za nyaya kadiri muda unavyopita, ilionyesha SDA ikiwa imelala chini tangu mwanzo, SCL ikiwa juu. Katika kazi hii sitatumia tena multimita peke yake, kwa maana yenyewe inaonyesha volti tu, ilhali nilichokihitaji ni mfuatano wa matukio.

Suluhisho ni hati fupi inayotangulia draiva wakati wa kuwaka. Inazichukua pini zote mbili kama GPIO za kawaida, inaishusha SCL na kuiachia hadi mara 9, yaani biti 8 na ile ya kukiri kwamba zimepokewa, ikiitazama SDA kila mara. SDA ikipanda, inatoa ishara ya kusimamisha, kisha inazirudisha pini kwenye kazi ya ALT0, yaani ile ya I2C. Jambo moja lilinigharimu jioni nzima: SCL haisukumwi juu. Unaiweka pini kuwa pato la chini, kisha unaigeuza kuwa ingizo na kuziacha rezista ziivute. Nyaya hizi zimeundwa kuvutwa chini tu, na anayezisukuma juu anashindana na kifaa kinachozishikilia.

Wiki hii nilipanga kufunga kioo cha maandishi na kubadilisha feni. Vyote vimesubiri, kwa sababu kiini (kernel) cha Linux tayari kina i2c_generic_scl_recovery, kazi ya ndani ambayo hutoa mapigo haya haya, na tangu saa mbili usiku nimekuwa nikisoma jinsi draiva ya I2C inavyojaza muundo wa i2c_bus_recovery_info, unaoieleza kiini namna ya kuzikwamua nyaya. Natamani kazi hii ifanyike ndani ya kiini, kila nyaya hizi zinapokwama, hata mtambo ukiwa unaendelea kufanya kazi. Nimeshatenga kadi nyingine ya kumbukumbu kwa majaribio, na kiini kinakusanywa sasa hivi.