Bloa ya basi juu ya Chevrolet 350

Bloa ile, yaani pampu ya kusukuma hewa ndani ya injini, ilitoka kwenye injini ya basi lililomaliza kazi, Detroit Diesel 6-71, silinda sita kwenye mstari, kila moja ikiwa na ujazo wa inchi za ujazo 71. Mwenye gari alitaka ikae juu ya V8 yake, injini ya silinda nane, Chevrolet 350, na aliyemuuzia alikuwa amemhakikishia kwamba imeshafanyiwa ukarabati, ni ya kufunga tu. Kwa nje iling'aa. Niliizungusha shafti kwa mkono, ikaenda laini bila kukwaruza popote. Hata hivyo niliifungua.

Bloa hii haikubuniwa kuongeza nguvu. Injini za mfululizo wa 71, zilizoanza kutengenezwa mwaka 1938, ni dizeli za mipigo miwili. Pistoni zake hazina mpigo wa kuvuta hewa, kwa hiyo lazima kitu kingine kisukume hewa safi ndani ya silinda na kufukuza moshi. Na dizeli hiyo haina kabureta wala kilango cha kubana hewa, kwa hiyo ndani ya bloa hakuna vakyumu, yaani mvuto wa hewa, ya maana. Ukiweka kabureta juu yake, kila injini inapounguruma taratibu bloa inakaa ndani ya vakyumu kali, na oili ya gia inavutwa kupita sili, zile pete za kuzuia oili kwenye shafti, hadi kwenye rota mbili zinazozunguka ndani na kusukuma hewa, kisha kwenye silinda.

Nilipozitoa gia ndipo nilipoliona hilo wazi. Gia hizi zina meno ya mshazari na rota zenyewe zimesokotwa, kwa hiyo huwezi kuvuta gia moja ukaiacha nyingine. Zinavutwa pamoja, kwa vivuta viwili, robo mzunguko huku, robo mzunguko kule. Ukilazimisha moja, meno yanabana na rota zinagongana. Nyuma ya kila gia kuna shimu, vibati vyembamba vya kujazia nafasi, nami nilizifunga kwenye karatasi zenye alama ya kushoto na kulia, maana shimu hizo ndizo zinazopanga nafasi kati ya rota na rota. Gia ikisogea mbele kidogo, ule mshazari unaigeuza rota yake.

"Fundi, hizi sili si mpya kabisa?" mwenye gari aliuliza.

Zilikuwa mpya kweli. Lakini zilikuwa sili za dizeli, zenye mdomo mmoja, na shafti moja ilikuwa imelika kimfereji ambacho kucha ilikinasa. Tuliweka sili za midomo miwili, na shafti iliyolika tukaivalisha bushi nyembamba ya chuma ili mdomo ukae juu ya uso laini. Kwenye kifuniko cha gia tuliweka tundu la kupumulia, na oili nzito ya gia nikaijaza hadi nusu ya kioo tu. Ukiipitisha hapo inachapwa na gia, inapata moto, inatafuta pa kutokea.

Nafasi za rota nilizipima kwa fila geji ndefu, vile vipande vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi, tundu la juu na la chini. Upande wa gia rota imeshikwa na beringi isiyosogea, kwa hiyo ikipata joto hurefukia upande wa pili, na huko ndiko nafasi lazima iwe kubwa zaidi.

Kwenye mwendo, hesabu ilikuwa hivi. Bloa ya 6-71 husukuma takribani lita 6.7 kwa mzunguko, na 350 humeza chini ya lita 3 kwa kila mzunguko wa krenki. Hata ukitoa hewa inayovuja kwenye nafasi za rota, bado ni nyingi mno. Tulifunga puli ya meno 33 chini kwenye krenki na ya meno 39 juu kwenye bloa, ili bloa izunguke polepole kuliko krenki kwa kama asilimia 15. Injini ilikuwa na pistoni za kufuliwa (zilizoundwa kwa kupondwa, si kwa kumiminwa), mgandamizo wa 8 kwa 1, na pua ya krenki ilichongwa njia ya ufunguo wa pili kwa sababu mkanda mpana wa inchi 3 huivuta kwa nguvu kubwa. Mkanda niliuacha ulegee kidogo ukiwa baridi. Alumini ikipata moto inapanda, na mkanda unakaza wenyewe.

Kabureta zilikuwa mbili. Vali ya nguvu ya kabureta, inayoongeza mafuta injini inapobeba mzigo, husoma vakyumu iliyo chini yake, lakini hapo ni juu ya bloa, ambako vakyumu inaweza kubaki wakati manifoldi, njia ya hewa kati ya bloa na silinda, tayari ina presha, na mafuta yakapungua wakati yanahitajika zaidi. Tulitoboa njia na kuvuta mpira kutoka manifoldi, chini ya bloa.

Injini iliwaka, ikatulia, moshi wa bluu haukuwepo. Alipoikanyaga ikalipuka kupitia manifoldi, mlio mmoja mkali, na vali ya usalama ikafunguka kwenye springi zake. Isingekuwepo, mlipuko ungeinyanyua bloa. Chanzo kilikuwa waya za plagi, ambazo mwenye gari alikuwa amezipanga kwa kupendeza, ya 5 na ya 7 zikilala bega kwa bega. Mpangilio wa kuwaka ni 1-8-4-3-6-5-7-2. Silinda hizo mbili zinapakana na kufuatana, na cheche ya 5 iliamsha ya 7 kabla ya wakati wake. Nilizitenganisha, moja juu ya mabano, moja chini.

Taimingi yote, yaani jinsi cheche inavyotangulia, niliikomesha digrii 30. Barabarani geji ya presha ya bloa ilipanda hadi psi 6 na mlio wa injini kugonga haukusikika. Plagi za silinda za nyuma zilitoka nyeupe kuliko za mbele, dalili ya mafuta kidogo, tukaongeza jeti (vitundu vya kupitisha mafuta) za kabureta ya nyuma ukubwa wa hatua mbili. Aliomba puli ndogo zaidi juu. Nilimwambia asubiri mpaka rangi za plagi zilingane.